Mingi, si Yote: Mkopo wa Chuo cha Marekani Baada ya Kufilisika

Amri ya mahakama ya Marekani inayomwondolea mufilisi madeni yake ni karatasi ya kurasa mbili tu. Ukurasa wa kwanza una jina lake, nambari ya kesi na tamko kwamba ameondolewa madeni. Wa pili unafafanua kwa lugha nyepesi, na humo mna orodha ya madeni yasiyoondoka: matunzo ya watoto, kodi nyingi, faini, na "mikopo mingi ya wanafunzi". Neno lenye uzito hapo ni mingi. Haikuandikwa yote, na kati ya maneno hayo mawili panaweza kulala dola 40,000.

Jambo hili liko karibu na Nairobi kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi aliyetoka hapa kwa viza ya F-1 hapati mkopo wa serikali ya shirikisho ya Marekani. Akikopa, anakopa benki au kampuni, na mara nyingi kwa sharti la mdhamini ambaye ni raia au mkaaji wa kudumu: shangazi wa Minneapolis, binamu wa Dallas. Mambo yakienda mrama, mmoja wao anafungua kesi ya ufilisi, mwingine amesharudi Kahawa West au Umoja, na barua pepe za kudai zinaendelea kuingia miaka mitatu baada ya amri kutoka. Pande zote mbili za simu zinaamini kwamba mkopo wa chuo haufutiki. Imani hiyo ni kweli nusu.

Kwanza tuelewe kwa nini amri inanyamaza. Hakimu wa ufilisi hakai chini kupitia deni moja moja. Anatoa amri ya jumla, kesi inafungwa, na kila mdai anajisomea kama deni lake limo au halimo. Benki ya kadi ya mkopo inajua deni lake limo, inafuta. Kampuni inayosimamia mkopo wa masomo inaangalia kompyuta, inakuta akaunti ina alama ya "mwanafunzi", na mwezi unaofuata bili inatoka kama kawaida. Mdaiwa naye analipa. Mwaka 2023 CFPB, ofisi ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, ilitangaza kwamba wakaguzi wake wamekuta kampuni zikidai mikopo iliyokwisha kufutwa kwa njia hii, na kwamba kufanya hivyo ni kuvunja sheria. Mwaka 2025 ofisi hiyo hiyo iliondoa makumi ya miongozo yake, kwa hiyo usiegemeze hoja yako kwenye matamko yake. Iegemeze kwenye sheria ya ufilisi yenyewe, kifungu cha 523(a)(8), ambacho hakikutegemea mwongozo wa mtu.

Kifungu hicho kilikazwa polepole. Mwaka 1976 Bunge la Marekani liliweka miaka 5 ya kusubiri kabla ya mkopo wa masomo kufutika. Mwaka 1990 ikawa miaka 7. Mwaka 1998 muda ukaondolewa kabisa. Mikopo ya benki na kampuni binafsi iliingizwa mwaka 2005 tu, na ilipoingizwa ilikuja na masharti yake. Ni ndani ya masharti hayo ndipo penye mwanya.

Mkopo binafsi unalindwa dhidi ya ufilisi ikiwa ni "mkopo wa elimu uliotimiza masharti", na masharti yenyewe hayako katika sheria ya ufilisi. Yako katika sheria ya kodi, kifungu cha 221(d). Yasome pole pole, maana kila neno lina kazi. Mkopo uwe umechukuliwa kwa ajili ya gharama za elimu ya juu pekee. Chuo kiwe miongoni mwa vile vinavyostahili kushiriki mpango wa misaada ya shirikisho. Mwanafunzi awe amejiandikisha katika programu ya cheti au shahada, na awe anabeba angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo. Fedha zisizidi gharama ya masomo iliyotangazwa na chuo, baada ya kutoa ufadhili mwingine. Tena gharama ziwe za mkopaji mwenyewe, za mwenzi wake wa ndoa, au za mtu aliyekuwa tegemezi wake siku deni lilipoingiwa.

Sharti hilo la mwisho linapita kimya kimya, lakini kwa familia zetu ndilo la kusoma mara mbili. Mjomba wa Atlanta aliyechukua mkopo kwa jina lake ili kumsomesha mpwa mwenye miaka 24 aliye na nyumba yake na kazi yake hakumsomesha tegemezi kwa maana ya sheria ya kodi. Undugu hautoshi. Mkopo kama huo una hoja nzuri ya kuwa deni la kawaida linalofutika. Mjomba aliyetia saini pamoja na mpwa kama mdhamini ni habari nyingine, na hapo asiende mahakamani bila wakili. Sheria hiyo pia inautoa mkopo uliotoka kwa jamaa wa karibu: kaka akikukopesha karo, hata mkaandikiana, deni lake si "mkopo wa elimu" wa kifungu hiki.

Mianya mingine ni hii. Shule ya urubani, ya ufundi au ya kuandika programu za kompyuta isiyo kwenye orodha ya shirikisho. Mkopo wa kujiandaa kwa mtihani wa uwakili, au wa kozi ya maandalizi ya mtihani wa leseni baada ya mtu kumaliza chuo. Mkopo wa kuhamia mji mwingine kwa mafunzo ya udaktari baada ya shahada. Masomo ya sekondari. Kozi moja moja iliyochukuliwa chini ya nusu ya mzigo. Na fedha zilizozidi: chuo kimetangaza gharama ya dola 22,000 kwa mwaka, mwanafunzi ana ufadhili wa dola 6,000, nafasi iliyobaki ni dola 16,000, lakini kampuni imemwekea dola 25,000 moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki. Dola 9,000 haziko ndani ya masharti. Kuna hoja kwamba zote 25,000 zinatoka nje ya masharti, kwa sababu sheria ilisema "pekee". Mikopo ya aina hii, iliyompitia mwanafunzi bila chuo kuthibitisha chochote, iliuzwa sana kabla ya mwaka 2008, na baadhi yake ingali inadaiwa hadi leo.

Usidanganyike, lakini. Kuwa mgeni mwenye F-1 peke yake hakuufanyi mkopo wako ufutike. Masharti yanaangalia chuo, programu, mzigo wa masomo na matumizi ya fedha, hayaulizi pasipoti. Mtu aliyesoma chuo kikuu kinachotambulika, muda wote, kwa fedha zisizozidi gharama, ana mkopo uliotimiza masharti hata kama alitoka Eastleigh. Tahadhari nyingine: mkopo uliotolewa na serikali, au chini ya mpango uliogharimiwa na serikali au shirika lisilo la faida, una ibara yake na hauhitaji kutimiza masharti ya sheria ya kodi. Kabla ya kushangilia, angalia kwenye hati kama kuna shirika la aina hiyo nyuma ya benki.

Wakopeshaji walikuwa na jibu kwa yote haya. Kifungu hicho hicho kina ibara inayozuia kufutwa kwa fedha zilizopokewa kama "faida ya kielimu, tuzo au posho ya masomo", nao wakasema mkopo wowote uliomsaidia mtu kusoma ni faida ya kielimu. Mahakama tatu za rufaa ziliikataa tafsiri hiyo: ya kanda ya 5 inayobeba Texas mwaka 2019, ya kanda ya 10 inayobeba Colorado na Kansas mwaka 2020, na ya kanda ya 2 inayobeba New York mwaka 2021. Sababu ni rahisi: kama kila mkopo ungeingia humo, ibara ya masharti ingekuwa imeandikwa bure. Kwa jamaa wa Dallas, Wichita au Bronx, hilo swali limekwisha. Kwa wa kanda nyingine maamuzi hayo si sheria ya lazima, ila ni hoja nzito ya kubeba.

Sasa karatasi. Hapa ndipo watu wanaposhindwa, na hawashindwi kwa sababu ya sheria bali kwa sababu hawana ushahidi wa mkopo ulikuwa wa nini. Tafuta amri ya kuondolewa madeni pamoja na orodha ya madeni iliyowasilishwa mahakamani. Zote ziko PACER, mfumo wa majalada ya mahakama za shirikisho, na unaweza kujiandikisha ukiwa Nairobi. Unatozwa senti 10 za dola kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na matumizi yakiwa dola 30 au chini yake katika robo ya mwaka hulipi kitu. Usitishike ukiona kwenye orodha hiyo kisanduku cha "mkopo wa mwanafunzi" kimetiwa alama. Hiyo ni namna ya kujaza fomu. Haiamui deni ni la aina gani.

Halafu hati ya mkopo yenyewe, na tarehe fedha zilipotolewa. Tarehe ni muhimu, kwa sababu amri ya Sura ya 7, ule ufilisi wa kufutiwa madeni bila mpango wa malipo, inagusa madeni yaliyokuwapo kesi ilipofunguliwa. Fedha za muhula zilizoingia wiki mbili baadaye haziguswi. Kwa mikopo binafsi ya kuanzia Februari 2010 itafute fomu ya uthibitisho ambayo mwanafunzi alitakiwa kuisaini kabla ya kupewa fedha. Ina mistari mitatu yenye hesabu unayoihitaji: gharama ya masomo, misaada aliyopata, na tofauti. Kampuni ikiwa imetoa zaidi ya mstari wa tatu, umepata kielelezo chenye saini. Kwa mikopo ya zamani, omba ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo ikupe gharama iliyotangazwa mwaka ule, na ofisi ya msajili ikupe idadi ya saa za masomo ulizobeba kila muhula. Upande wa pili nao utatafuta karatasi zako: kama uliwahi kupunguziwa kodi ya Marekani kwa riba ya mkopo huo, utaulizwa iweje uliuita mkopo wa elimu mbele ya mtoza kodi na leo unaukana.

Barua kwa kampuni iwe kavu. Taja mahakama, nambari ya kesi, tarehe ya kufungua na tarehe ya amri. Taja nambari ya akaunti na tarehe ya fedha. Eleza kwa aya moja ni sharti gani halikutimizwa, ukiambatanisha kielelezo. Kisha dai mambo matatu: waache kudai, wasahihishe taarifa walizopeleka kwa kampuni za rekodi za mikopo, na warudishe kila senti waliyopokea baada ya tarehe ya amri. Itume kwa anwani yao ya mambo ya ufilisi, si ile ya malipo ambako bahasha hufunguliwa kutafuta hundi. EMS ya Posta au kampuni nyingine ya vifurushi yenye nambari ya ufuatiliaji inatosha, hifadhi risiti. Barua hii ina kazi kubwa kuliko adabu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mdai anaadhibiwa kwa kudharau amri ya ufilisi pale tu ambapo hakukuwa na msingi wa haki wa kutilia shaka kwamba deni lilifutwa. Shaka ndiyo ngao yake, na barua yenye vielelezo inaitoboa.

Wakati unasubiri jibu, usilipe "kidogo cha kuwatuliza". Sheria inamruhusu mtu kulipa kwa hiari deni lililofutwa. Mdai ndiye haruhusiwi kulidai. Kukubali kwa mdomo au kwa barua, baada ya amri, kwamba utalipa hakukufungi, kwa kuwa makubaliano ya kulihuisha deni yanapaswa kufanywa kabla ya amri na kuwasilishwa mahakamani. Mtego wenyewe ni mkopo mpya. Ukishawishika kuchukua mkopo wa riba nafuu wa kulipa ule wa zamani, umeingia deni lililozaliwa baada ya ufilisi, na hilo amri hailioni.

Kuhusu rekodi: deni lililofutwa linaweza kubaki kwenye taarifa yako ya mkopo, ila salio lake liwe sifuri na maelezo yaonyeshe limeondolewa kwa ufilisi. Likionyesha kiasi kinachodaiwa au malipo yaliyochelewa baada ya amri, pinga kwa maandishi kwa kila kampuni ya rekodi, ukiambatanisha amri. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Ufilisi wenyewe hukaa humo hadi miaka 10, na hakuna wa kuutoa mapema. Anayekuuzia huduma hiyo ni tapeli.

Wakikaidi, rudi mahakamani, na rudi mahakama ile ile iliyotoa amri. Kesi iliyofungwa inafunguliwa tena. Wengi huogopa ada, kumbe kufungua upya kwa ajili ya kuamua kama deni lilifutwa, au kwa kulalamika kwamba amri imevunjwa, hakutozwi ada ya kufungua upya. Shauri lenyewe la kuomba tamko, mdaiwa akiwa ndiye mlalamikaji, halitozwi ada ya dola 350 wanayotozwa wengine. Wala halina kikomo cha muda. Kinachogharimu ni wakili, na hapo tafuta mtu wa ufilisi wa watumiaji katika jimbo hilo. Wakili wa uhamiaji aliyeshughulikia viza yako si mtu wa kazi hii.

Na mwenye mkopo uliotimiza masharti, au wa shirikisho kwa sababu alikuwa na green card, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu? Kwake njia ni kuthibitisha dhiki iliyopita kiasi. Mahakama nyingi hutumia kipimo cha Brunner cha mwaka 1987: hawezi kuishi maisha ya chini kabisa akilipa, hali hiyo itaendelea kwa sehemu kubwa ya muda wa mkopo, na alijaribu kulipa kwa nia njema. Minnesota na majimbo jirani ya kanda ya 8 hutazama hali yote kwa jumla. Kwa mikopo ya shirikisho, mwongozo wa Novemba 2022 uliwapa mawakili wa serikali fomu ya kiapo ambayo mdaiwa anajaza mapato na matumizi, na ukataja hali zinazohesabiwa kuwa ushahidi wa awali kwamba hataweza kulipa mbele ya safari: umri wa miaka 65 au zaidi, ulemavu au maradhi sugu, kukosa kazi angalau miaka 5 katika 10 iliyopita, kutomaliza shahada, au mkopo kuwa kwenye ulipaji kwa miaka 10 au zaidi. Kwa mkopo binafsi fomu hiyo haipo.

Mdhamini hafutiwi deni kwa sababu mwanafunzi amefutiwa. Kampuni ikiacha kukupigia wewe Nairobi, inaweza kumgeukia shangazi siku hiyo hiyo, na iko ndani ya haki yake. Sura ya 13, ule ufilisi wa kulipa kwa mpango, humkinga mdhamini wakati mpango huo unaendelea. Sura ya 7 haimkingi kabisa. Mwambieni mapema. Ni vibaya aje ajue kupitia hati ya mashtaka mlangoni.

Kwa aliyerudi nyumbani, vitisho huja kwa WhatsApp. Anaambiwa atakamatwa uwanja wa ndege wa JKIA, atawekwa CRB (rekodi za wasiolipa mikopo), madalali wanakuja kuchukua friji. Marekani haimfungi mtu kwa deni la kiraia. Hukumu ya mahakama ya Marekani haisajiliwi Kenya moja kwa moja, kwa kuwa Marekani haimo kati ya nchi zilizotajwa chini ya sheria yetu ya kutambuliana hukumu, Sura ya 43. Mdai atalazimika kufungua kesi mpya hapa, na dalali bila amri ya mahakama ni mgeni tu getini. Madai ya mkataba hapa yana kikomo cha miaka 6, lakini angalia: malipo ya sehemu, au kukiri deni kwa maandishi, huanzisha hesabu upya. Hiyo ndiyo sababu wanaomba "hata elfu moja tu". Wakianza kuwapigia jamaa na mwajiri wako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa mahali pa kulalamika, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Limebaki swali ambalo watu wa majuu huuliza kwa sauti ya chini: nikifilisika Texas, deni langu la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, linafutwa nalo? Sheria ya ufilisi ya Marekani inapofafanua "chombo cha serikali" inataja pia dola ya kigeni na taasisi zake. Mkopo uliotolewa na chombo kama hicho uko kwenye ibara ya kwanza kabisa ya kifungu cha 523(a)(8), bila kujali sheria ya kodi. Kwa maneno hayo, deni la bodi iliyoundwa na Bunge la Kenya linabaki hata mbele ya hakimu wa Houston, isipokuwa uthibitishe dhiki. Na bodi yenyewe iko University Way, inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka na faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi uliokaa bila kulipa, ikiwa na CRB mkononi. Nafuu ya deni hilo iko hapa hapa: mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini za HELB haziwezi kupita kiasi ulichokopa. Omba taarifa ya akaunti, utenge mkopo halisi upande mmoja na nyongeza upande wa pili, na kama upande wa pili umezidi, andika kupinga ziada kabla ya kutuma dola ya kwanza.